Maua Yasiyosubiri

Wiki chache baada ya mvua za kwanza za vuli, kongwa hutambaa pembezoni mwa mashamba, kando ya mitaro na chini ya nyua za nyumba. Mkulima haipendi hata kidogo. Akiikata kwa jembe vipande vitatu, vyote vitatu huota mizizi, na palizi aliyoimaliza juzi humdai tena. Wafugaji wa sungura huikata na kujaza viroba, na kwa watu wengi sifa za kongwa huishia hapo. Lakini mtu anayepita njiani saa moja asubuhi, umande ukiwa haujakauka, huona kitu cha buluu katikati ya majani yaliyokunjana, kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Petali mbili zimesimama, nyororo na angavu. Ya tatu ni ndogo na hafifu, imejificha chini ya hizo mbili. Kufikia saa sita mchana petali hizo zimelegea, zimejikunja, zimeyeyuka kuwa unyevu. Anayerudi kutoka sokoni alasiri anaweza kuapa kwamba mahali pale hapakuwa na ua.

Carl Linnaeus, Mswidi wa karne ya 18 aliyeiwekea mimea ya dunia utaratibu wa majina ya kisayansi, aliliona hilo la petali tatu zisizolingana. Jamii ya kongwa inaitwa Commelina, na yeye akalieleza jina hilo kuwa kumbukumbu ya Wadachi watatu wa ukoo wa Commelijn. Wawili walisifika kwa elimu ya mimea. Wa tatu alifariki kabla hajafanya lolote la kukumbukwa katika elimu hiyo. Petali mbili kubwa ni za hao wawili, na ile dhaifu ni ya marehemu. Utani mkali kidogo kwa mtu aliye kaburini. Hata hivyo, asingeweza kuutunga mtu ambaye hajalileta ua lile karibu na macho yake na kulihesabu.

Kuinama ndiko kunakomtenganisha mchoraji wa maua ya porini na mchoraji wa maua ya chombo. Ua la chombo limeletwa mezani; limekatwa, limepangwa, limeelekezwa kwenye mwanga, na likinyauka litanunuliwa jingine. Ua la porini huamua lenyewe siku, saa na upande wa njia. Msanii akilitaka hana budi kulifuata, na kwa kuwa hajui litatokea lini, hana budi kupita kila siku. Kutokana na ulazima huo mdogo zimezaliwa kazi kubwa ambazo watu huziona katika makumbusho wakadhani zilitokana na kipaji peke yake.

Mwaka 1503, Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nürnberg aliyekwisha kupata jina kwa picha zake za dini na za watu, alichora kwa rangi za maji bonge la udongo lenye majani. Si bustani, si shada. Ni nyasi zilizosimama ovyo, majani mapana ya aina ile inayokanyagwa njiani, mizizi inayochungulia kwenye tope, na mimea ya dandelioni ambayo maua yake ya njano yamefumba. Hilo la kufumba ndilo la kustaajabisha. Mtu anayetaka kusifiwa angechora ua likiwa wazi, katika saa yake ya fahari. Dürer alilichukua kama alivyolikuta. Picha hiyo isiyofika hata nusu mita kwa urefu imehifadhiwa Vienna, katika jumba la Albertina, na baada ya miaka 500 na ushei bado inaweza kumfanya mtu asimame mbele ya majani ambayo asingeyapa nafasi ya kufumba na kufumbua kama yangekuwa chini ya kiatu chake.

Waswahili wana neno lao kwa mtu anayezurura bila shughuli: mtembezi hula miguu yake. Methali hiyo haikutungwa kwa ajili ya wachoraji, lakini huwapata. Afrika Mashariki ni nchi ya watu wanaotembea. Mtoto hutembea kwenda shule, mama kwenda kisimani, kibarua kwenda mjini alfajiri ili kuokoa nauli. Kila safari ina mwisho wake na mzigo wake, na anayekutwa njiani mikono mitupu huulizwa anakwenda wapi. Akijibu kwamba anatembea tu, muuliza swali hungoja kidogo, akidhani jibu lenyewe linakuja. Siku hizi amepatikana mtembezi mwingine, yule wa mazoezi, mwenye raba na jasho, ambaye jamii imeshamwelewa kwa sababu daktari amemtuma. Mtembezi wa tatu, anayesimama kando ya mtaro na daftari akitazama magugu, bado hana cheti. Ajabu ni kwamba watu wanaopita njia moja kila siku, asubuhi na jioni, msimu hadi msimu, ndio wenye nafasi bora kuliko mtalii yeyote ya kujua ua gani limetangulia na lipi limechelewa. Penye miti hapana wajenzi.

Alhamisi, tarehe 15 Aprili 1802, Dorothy Wordsworth na kaka yake William walikuwa wakirudi kwao Grasmere, kaskazini mwa Uingereza, wakitokea kwa rafiki. Siku ilikuwa ya upepo mkali. Kando ya ziwa Ullswater wakakuta dafodili chache za porini, kisha nyingi zaidi, mwisho ukanda mzima uliofuata ufuo. Dorothy alikuwa na desturi ya kuandika shajara: hali ya hewa, nani kaja, mkate umeokwa, ua gani limeonekana wapi. Aliyaandika yale maua pia, jinsi upepo ulivyoyayumbisha na jinsi mengine yalivyoegemea mawe. William hakuandika kitu siku ile. Ilipita miaka miwili kabla hajalitunga shairi ambalo lingekuja kuwa maarufu kuliko karibu yote aliyoandika. Likachapishwa mwaka 1807. Ndani yake msemaji anatembea peke yake. Dada hayumo. Mistari miwili ambayo William mwenyewe aliiona kuwa bora kuliko yote ilitolewa na mkewe, Mary, na hilo alilikiri waziwazi. Kwa hiyo shairi la upweke lilipikwa na watu watatu, na aliyeshika daftari ndiye aliyesahauliwa kwa muda mrefu zaidi.

Shairi hilo lilisafiri kwa meli za himaya. Katika shule za makoloni ya Uingereza watoto walilikariri wakiwa hawajawahi kuiona dafodili, na wengi hawakuja kuiona maishani. Jamaica Kincaid, mwandishi aliyezaliwa Antigua, aliligeuza jambo hilo kuwa kiini cha hasira katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990: msichana aliyelazimishwa kuimba sifa za ua la wengine, siku anapooneshwa ua lenyewe anatamani kulifyeka. Msomaji wa Afrika Mashariki huelewa bila kufafanuliwa. Kosa halikuwa la ua. Kosa lilikuwa kwamba mtoto alifundishwa mapenzi ya jambo asilopita kando yake, na akafunzwa papo hapo kwamba vile anavyopita kando yake kila asubuhi havistahili shairi.

Na anapita kando ya nini? Kwenye vichaka vya pwani na vya bara, mvua zikishika, gloriosa hupanda juu ya mimea mingine kwa kutumia ncha za majani yake, ambazo hujizungusha kwenye chochote zinachokigusa. Ua linapofunguka, petali zake sita hurudi nyuma na kusimama juu, kingo zikiwa na mawimbi, njano chini na nyekundu kileleni, na kichaka kizima huonekana kama jiko la mkaa lililopulizwa na upepo. Zimbabwe imelifanya ua lake la taifa. Chini ya ardhi kuna kiazi chenye sumu ya kolchisini, dawa ya jongo ikipimwa na mauti isipopimwa. Kiazi hicho hukaa kimya miezi yote ya kiangazi. Anayepita juu yake hana habari. Kuna na lile yungiyungi la porini linalochomoza kutoka ardhi tupu mvua zinapoanza, Scadoxus kwa jina la kitaalamu: bua moja nene, na juu yake tufe jekundu la vijiua vingi vidogo vilivyobanana, mara nyingi kabla majani hayajajitokeza sawasawa. Baada ya wiki mbili hivi tufe limekwisha. Na katika misitu ya miombo, hata mvua hazingojwi. Moto wa kiangazi ukishapita na nchi kuwa nyeusi, mimea yenye mashina yaliyojificha ardhini hutoa maua juu ya majivu, bila jani, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza. Mchoraji anayesubiri kijani kirudi ndipo atoke atakuwa amechelewa.

Hata hivyo si kweli kwamba Mswahili hakujali maua. Aliyajali kwa pua. Pwani nzima, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani, ua lilikuwa la kuvaa, kutandaza kitandani, kufukizia nguo, kumpokelea bwana harusi. Asumini, mlangilangi, waridi, rihani na kilua vilitungwa vikuba na makoja, na Shaaban Robert alipotafuta jina la kitabu chake kimoja akakiita Koja la Lugha, akijua kwamba msomaji angeisikia harufu kabla hajafungua. Kanga zimejaa maua. Milango ya Zanzibar imechongwa mawaridi na mayungiyungi, mengine yakiwa yamesafiri na mafundi na mitindo kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini ukitafuta kongwa au gloriosa katika pambo hilo lote utatafuta sana, na huenda sababu iko katika maumbile yenyewe. Maua meupe yanayofunguka jioni hunukia kwa sababu yanawaita nondo gizani. Maua mekundu na ya chungwa yenye mirija, yale yanayosimama vichakani mchana kweupe, huwaita chozi, na ndege humtafuta mlishaji wake kwa macho, harufu haimsaidii. Utamaduni uliopenda manukato ukawapa nondo haki yao, na maua ya chozi ukayaachia mbuzi.

Kwa hiyo aliye na penseli leo katika nchi hizi ana shamba ambalo halijalimwa. Hilo ni jambo la kufurahia zaidi kuliko la kulalamikia.

Habari ya Charles Rennie Mackintosh inafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa inaonyesha matembezi yanavyoweza kumshika mkono mtu aliyeanguka. Alizaliwa Glasgow mwaka 1868 akawa msanifu wa majengo. Jengo la Chuo cha Sanaa cha mji huo, lililojengwa kwa awamu kati ya 1897 na 1909, ndilo kazi yake kuu. Kisha kazi zikakauka. Alikosana na wenzake, akanywa kupita kiasi, akaacha kampuni. Majira ya joto ya mwaka 1914 yeye na mkewe, Margaret Macdonald, ambaye alikuwa msanii kwa haki yake, walikwenda kupumzika Walberswick, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza. Hapo, mtu aliyezoea kuchora minara na ngazi akageukia kuchora mimea ya mbugani na ya bustani za jirani, mmoja mmoja, kwa penseli na rangi za maji.

Michoro ile ni ya msanifu. Mistari ni myembamba na ya hakika. Bua linalopita nyuma ya jani halikatizwi, huonekana likiendelea, kana kwamba mmea ni nyumba ambayo kuta zake zimetolewa ili nguzo zionekane. Rangi haikujazwa kila mahali. Ua moja limepakwa lote, jirani yake limeachwa mstari mtupu. Na kwenye pembe ya karibu kila karatasi kuna kisanduku kidogo alichokichora kwa uangalifu: jina la mmea, jina la mahali, mwaka, na herufi za majina ya waliokuwepo. Mara nyingi herufi za Margaret zimo. Hazimo kwa sababu alishika brashi. Zimo kwa sababu alikuwa naye. Ni vigumu kupata katika sanaa ya maua ungamo la mapenzi lililo dogo na la wazi kuliko hilo. Mchoro wa fritilaria wa mwaka 1915, wenye kengele zake za mirabaraba zilizoinama, ndio unaojulikana zaidi, na unastahili; mirabaraba ile ya asili ilikuwa imechorwa na ua lenyewe kabla Mackintosh hajafika, naye, aliyependa miraba maisha yake yote, bila shaka alitabasamu.

Vita vilipoanza Agosti 1914, matembezi yale yale yakawa hatia. Mgeni mwenye lafudhi ngeni, anayetoka jioni peke yake kando ya bahari, anayeinama kwenye majani, anayeandika vitu kwenye karatasi: kijiji kilihitaji nini zaidi? Askari walipopekua alikopanga walikuta barua kutoka kwa wasanii wa nchi zilizokuwa sasa za adui, kwa maana Vienna ndiko alikopendwa kuliko kwao. Akashukiwa ujasusi, akaamriwa kuondoka eneo lile. Methali ya mtembezi na miguu yake haikuwahi kutimia kwa ukali namna hiyo. Alihamia London, na huko maua yakamlisha: akabuni vitambaa ambavyo ndani yake petali zile za Walberswick zimekuzwa, zimepindishwa, zimegeuzwa mawimbi ya zambarau na chungwa. Hakupata tena jengo kubwa. Alifariki mwaka 1928, na leo michoro aliyoifanya akiwa hana kazi huchapishwa na kutundikwa na watu ambao hawajawahi kuingia katika nyumba hata moja aliyoijenga.

Kenya ina mfano wake, ingawa unajulikana kwa sababu nyingine kabisa. Joy Adamson anakumbukwa kwa simba jike Elsa na kitabu alichoandika kumhusu, cha mwaka 1960. Kabla ya simba kulikuwa na maua. Alizaliwa mwaka 1910 katika himaya ya Austria, akafika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea ambaye mwenyewe alikuwa mchoraji mzuri. Bally ndiye aliyemwita Joy. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike. Katika safari za kukusanya mimea, wengine walibana sampuli kati ya karatasi zikauke, na sampuli iliyokauka hupoteza rangi na umbo. Mtu alihitajika wa kuyachora maua yakiwa hai, na Joy, ambaye alikuwa amejaribu muziki na uchongaji bila kutulia, alitulia hapo. Alichora mamia ya mimea ya Afrika Mashariki, akapamba vitabu vya bustani, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza kikamtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Ilikuwa miaka tisa kabla Elsa hajazaliwa.

Ukiitazama kazi ile, unaona nidhamu ambayo safari ya porini humlazimisha mtu kuwa nayo. Ua lililochumwa saa mbili asubuhi halitakuwa lile lile saa nane mchana. Rangi hutangulia, kwa kuwa ndiyo inayokimbia kwanza. Umbo la jani hufuata. Shina lenye uvumilivu husubiri mwisho. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, na michoro hiyo ikawa maarufu kuliko maua. Maua, kwa maoni ya anayeandika haya, ni bora zaidi. Watu wamesimamishwa wakae kama walivyoambiwa, na baadhi wamekuwa sampuli. Maua hayakuwahi kuambiwa kitu.

Kuna ua jingine la hapa hapa lililosafiri bila mchoraji. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani katika wilaya ya Tanga, aliona kwenye mawe yenye kivuli mmea mfupi wa majani ya manyoya na maua ya zambarau. Ukapelekwa Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaueleza kisayansi na kuuita Saintpaulia. Leo vizazi vyake vimejaa madirishani Ulaya na Marekani, vya waridi, vyeupe, vyenye pindo, vikinunuliwa dukani pamoja na mkate. Wenyewe wa asili umebaki kwenye miamba ya misitu ya Usambara na milima ya jirani, na msitu unapokatwa kivuli huondoka, nao huondoka na kivuli. Mtu wa Muheza anaweza kwenda Hamburg akaonyeshwa na mwenyeji wake ua la dirishani, akalisifu kwa adabu, asijue kwamba amelala jirani nalo maisha yake yote.

Wanaotaka kuona maua mengi kwa pamoja hupanda Kitulo. Uwanda huo uko kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania, katika mikoa ya Mbeya na Njombe, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwaka 2005 ulitangazwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mimea ipatayo aina 350 imeorodheshwa, na kati yake aina 45 za okidi zinazoota ardhini, si zile zinazoning'inia mitini. Miezi ya katikati ya mwaka ni baridi kavu, usiku mwingine jalidi, majani ni rangi ya mbuga iliyolala. Mvua zikianza mwishoni mwa Novemba uwanda hubadilika wiki hadi wiki hadi Aprili: wiki ya njano, wiki ya zambarau, kisha mseto ambao jicho haliwezi kuutatua. Aliyefika Desemba na aliyefika Machi wakikutana hawatakubaliana walichokiona.

Okidi hizo zina adui mwenye njaa. Chini ya kila moja kuna viazi viwili vidogo, kimoja cha mwaka huu na kimoja cha mwaka ujao, na ng'ambo ya mpaka, Zambia, viazi vya okidi husagwa vikapikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana na kinachokatwa vipande kama mkate. Okidi za Zambia zilipopungua, wachimbaji wakaelekea nyanda za juu za Tanzania. Mchimbaji hulitambua windo lake kwa kulitazama. Yeye naye ni mtembezi mwenye jicho, tena kali kuliko la mchoraji, na ana watoto wa kusomesha. Kumlaani ukiwa na kikombe cha chai mkononi ni rahisi. Lakini kiazi kikitoka ardhini, ua la mwaka huu na la mwaka ujao yameingia katika chungu kimoja, na hakuna mchoro utakaoyarudisha.

Kitulo ni mbali, na nauli si ya kila mtu. Msanii haihitaji ili kuanza. Dorothy alipita njia zile zile za Grasmere mwaka baada ya mwaka. Mackintosh hakutoka nje ya kijiji. Dürer hakuhitaji zaidi ya bonge la udongo. Kilichowaunganisha ni kurudi. Anayepita mara moja huona ua. Anayepita kila siku huona kwamba mbigili hutoa ua la njano laini sana kabla ya ile miiba ya kutoboa tairi la baiskeli, kwamba kishonanguo kina pambo jeupe na njano kabla hakijanasa kwenye suruali, kwamba mmea uliofyekwa Oktoba huwahi kuchanua Novemba ukiwa mfupi kwa haraka ya kuacha mbegu. Hapo mkono huanza kuwa na kitu cha kusema. Mchoro unaotokana na ujuzi huo huwa na tofauti ambayo hata asiyejua sanaa huihisi: aliyeuchora hakukutana na ua lake kwa mara ya kwanza siku ile.

Katika shule nyingi za Kenya na Tanzania mtoto huchora ua moja tu kwa makini katika maisha yake yote ya masomo, nalo ni haibiskasi, katika somo la biolojia, limepasuliwa katikati na kuwekewa majina ya sehemu zake. Ni ua la uani, lililotoka mbali. Walimu, mvua zikianza mwaka huu, watoeni wanafunzi nje kipindi kimoja cha asubuhi, kabla ya saa nne, na penseli na karatasi. Wapelekeni nyuma ya uwanja wa mpira, pale ambapo mfyekaji hajafika. Kila mmoja achague mmea mmoja, auchore bila kuung'oa, aandike chini yake jina la mahali, tarehe, na majina ya wenzake waliokuwa naye. Wiki inayofuata warudisheni pale pale. Gharama yake ni karatasi mbili kwa mtoto.